Uainishaji wa Walaji wa Harusini kwa Mujibu wa Vinasaba

Mlaji wa harusini, akichunguzwa ukumbini tangu masufuria yanapofunuliwa hadi pilau inapokwisha, huangukia katika jamii nne. Ya tano ina utata wake.

Jamii ya kwanza ni Wanenepa-kwa-Maji. Hutambulika kwa mlio, unaosikika mara tu sahani inapojaa: "Mwanangu, sisi kwetu hata maji yanatunenepesha." Mlio huu usidharauliwe. Mwaka 2007 watafiti wa Uingereza walitangaza habari za jeni iitwayo FTO. Mtu mzima aliyerithi nakala mbili za aina yake nzito, moja kwa baba na moja kwa mama, humzidi asiye nayo kabisa kwa wastani wa kilo 3 hivi. Basi kilo tatu zina shahidi. Zilizobaki, na kwa vielelezo nilivyovitazama si chache, bado zinatafuta wakili. Tena jeni hiyo haigeuzi maji kuwa mafuta. Kazi yake kubwa ni kwenye hamu ya kula, yaani huurudisha mkono kwenye sinia. Halafu kuna ushahidi ambao jamii hii huutundika yenyewe sebuleni: picha ya bibi mzaa baba, mifupa ya shingo imechomoza, kanga imemzunguka na bado ina ziada. Huyo ndiye anayetajwa kuwa chimbuko la unene wa ukoo. Jeni alikuwa nazo. Soda ya kila mlo na bodaboda ya kumfikisha mlangoni hakuwa navyo.

Jamii ya pili ni Wala-Bure. Hupanga foleni mara tatu na suruali bado inashikiliwa na mkanda. Mtaani husemwa wana minyoo. Claude Bouchard na wenzake wa Quebec, Kanada, walikuwa na maelezo ya heshima zaidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990 waliwalisha vijana wa kiume, jozi 12 za mapacha wa kufanana, kalori 1,000 za ziada kwa siku, kwa siku 84. Ziada ilikuwa ileile kwa wote, lakini mmoja aliongeza kilo 4 na ushei, mwingine zaidi ya 13. Na pacha alielekea kumfuata pacha wake. Mwaka 1999 timu ya James Levine, Marekani, ilishibisha watu 16 kwa namna hiyohiyo, ikaona kwamba wasionenepa huiunguza ziada kwa kusimamasimama, kujigeuza na kutikisika. Chungulia chini ya meza ya Mla-Bure: mguu wa kushoto haujatulia tangu maharusi waingie.

Kwa jamii ya tatu mzaha unakaa kando. Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge walieleza habari za watoto wawili, binamu, waliozaliwa na hitilafu kwenye jeni ya leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta na kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Njaa yao haikuwa uroho, na sindano za leptini zimewasaidia watoto wa aina hii. Ni wachache mno duniani. Ukumbini huwakuti, ingawa wako wanaojitaja.

Jamii ya nne, Vitambi-Moto, ndiyo ngumu kuainisha kwa macho. Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil na wenzake, Boston, walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene hutoa TNF, kemikali ya uvimbe wa ndani inayoizuia insulini kufanya kazi. Baadaye zikaonekana seli za ulinzi zimejazana humo, zimewaka na hakuna kijidudu cha kupigana nacho. Mafuta yakae wapi, hilo nalo lina urithi ndani yake: mwingine huyaweka mapajani, mwingine huyazungushia ini. Mwaka 2016 ikatoka habari ya Samoa, ya aina ya jeni CREBRF inayoongeza uzito huku ikipunguza uwezekano wa kupata kisukari. Kwa hiyo shangazi mwenye nyonga pana huenda insulini yake ni tiifu kuliko ya mshenga mwenye miguu myembamba na kitambi kigumu, anayemcheka.

Wa tano ni Wahubiri wa Mlo. Wali hawagusi. Hukaa jirani na Wanenepa-kwa-Maji, wakitoa darsa la wanga na sukari hadi keki inakatwa, kisha hufunga minofu minne kwenye foili, "ya watoto". Wataalamu wengine huwaweka katika jamii ya kwanza, kwa hoja kwamba hamu ni ileile. Wengine wanataka kwanza foili ifuatiliwe hadi nyumbani.