Kilele Chao Kinalingana na Gitega

 Ndugu zangu wa Ngagara hapo Bujumbura, wa kila kartiye na kila ligala, kijiwe chenu, mnauliza kama ni kweli huku West Virginia kuna watu wanaoalikwa na chuo kikuu kwa sababu ya hadithi za mlimani. Ni kweli. Chuo Kikuu cha Shepherd, katika mji mdogo wa Shepherdstown, humwalika mwandishi wa milima ya Appalachia awe mgeni wake rasmi: anasoma mbele ya watu, anakaa na wanafunzi, na jina lake linawekwa kwenye mkusanyo wa maandishi ya watu wa huko. Lakini kabla hamjaishangaa hiyo milima, sikilizeni vipimo vyake. Kilele cha jimbo zima, Spruce Knob, kina mita 1,482. Mji wetu wa Gitega uko karibu mita 1,500, yaani mwanafunzi wa Gitega anayesinzia darasani yuko sawa na Mmarekani aliyefika kileleni akihema na kujipiga picha. Hata ukihesabu Appalachia yote, kinara ni Mount Mitchell, mita 2,037, ilhali mlima wetu Heha unapita mita 2,600 bila kujigamba. Isitoshe, Shepherdstown wenyewe uko kando ya mto Potomac. Ni kama kuwafanyia watu wa milima ya Mugamba sherehe yao pale Kajaga, ufukweni.

Basi urefu si hoja. Hoja ni kwamba watu wa milima hii walichekwa sana na nchi yao. Kuanzia 1962, kwa miaka tisa, televisheni ya Marekani ilionyesha kichekesho cha The Beverly Hillbillies, familia ya washamba wa milimani waliopata mafuta wakahamia kwa matajiri wa California. Wenye milima wangeweza kununa tu. Wengine waliandika, na chuo kikafanya jambo ambalo mimi naliona ndiyo siri yenyewe: kitabu cha mgeni husomwa na watu wengi kabla hajafika, na hutangazwa na maktaba kuwa kitabu cha pamoja cha jimbo. Akiingia ukumbini anakuta wasomaji, hakuti wapiga makofi. Na wageni hao si wa sura moja. Frank X Walker, ambaye 1991 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kundi la washairi weusi wa Appalachia, amekaribishwa hapo. Mshairi Nikki Giovanni, mzaliwa wa Knoxville, vilevile. Mlima uliodhaniwa wa Wazungu peke yao ukaonekana una wenyewe wengi. Sisi wa Ngagara, tulioona miaka ya tisini, wakati wa vita, mtaa ukiamua nani wake na nani si wake, hatuhitaji kuelezwa faida ya jambo hilo.

Najua mtakachosema. Kwanza, hela. Ni kweli wanazo. Lakini kamati ya harusi ikikaa jioni moja tu kwenye kabare, ahadi zinazoandikwa kwenye daftari zingenunua vitabu vya ligala nzima, na bado mbuzi akabaki. Pili, mtasema sisi ni watu wa masimulizi: tuna inanga ya kunong'ona, tuna ngoma zilizoingia orodha ya UNESCO 2014, mtoto akisikia "Sokwe!" ya kitendawili anajibu "Niruze!" bila kufikiri. Sawa kabisa. Ila masimulizi nayo yanataka mwenyeji. Mpiga inanga tunamwita aje kupamba sherehe, na akianza kunong'ona spika inawashwa. Tatu, na hili ndilo zito, mtasema Ngagara ni mji, nyumba zilipangwa na shirika la makazi la OCAF enzi za Wabelgiji, hadithi za vilima zinatuhusu nini? Jibu liko kwenye karatasi zenu. Fomu ya serikali haiishii kwenye mkoa na komini, inakuuliza na kilima chako, na hakuna anayeacha wazi. Halafu huyohuyo aliyejaza ndiye anayemcheka muuza viazi aliyeshuka kutoka Ijenda na koti zito.

Wala hatuanzi sifuri. Kafe ya fasihi ya Samandari imekutanisha wapenda vitabu Bujumbura, na kumekuwepo tuzo ya hadithi fupi yenye jina la Michel Kayoya, padri aliyezaliwa Kibumbu, huko juu Mwaro, akatoa Sur les traces de mon père mwaka 1968, akauawa 1972. Wangapi kwenye ligala lenu wamekifungua kitabu hicho? Chagueni kimoja, chake au cha mwingine, kisomwe na kupingwa mwezi mzima. Kisha mwiteni mwandishi aliye hai, mtoto wa kilima chochote, aje ajibu maswali yenu. Na bia zake za Primus mzilipie nyinyi.