Magurudumu Hayaendi Harusini

Umenunua kichwa cha treni cha kipimo cha 1:87. Ribiti zote zimo, namba za ubavuni zinasomeka kwa kioo cha kukuzia, halafu chini yake magurudumu yanameremeta kama vikuku vya bibi harusi. Hapana! Leo tunayavua vikuku.

Kwanza nenda stesheni ukaitazame treni ya kweli. Uso wa gurudumu umekolea grisi, vumbi na unga wa breki. Kinachong'aa ni ule mzingo unaosuguana na reli, basi. Ndivyo utakavyofanya nawe: uso uwe mweusi, mzingo ubaki mtupu. Si suala la sura tu. Katika modeli nyingi umeme wa mota hupanda kutoka relini kupitia papo hapo. Ukipaziba kwa rangi, treni haiendi popote.

Hata usoni, rangi ya kopo naikataa. Huziba nafasi za spoki, kisha hubanduka. Tafuta dawa ya kutia metali weusi, ile wanayotumia pia mafundi wa bunduki, na uchague chupa kwa metali yako, maana ya chuma si ya shaba. Nyingi zina mrututu na asidi ya seleniamu. Hazikai juu ya metali. Huigeuza ngozi yake yenyewe. Kwa hiyo adui wako mkubwa ni mafuta. Futa kila gurudumu kwa spiriti, na tangu hapo usiliguse kwa kidole, hata kama umetoka kunawa sasa hivi, kwa sababu palipoguswa dawa haishiki. Asetoni isikaribie gia za plastiki. Na seleniamu ni sumu: vaa glavu, fungua dirisha, chai inywewe chumba kingine.

Paka kwa kijiti cha pamba, ngoja weusi ukolee, suuza kwa maji, kausha upesi. Palipobaki madoa rudia. Mwishowe sugua mzingo mpaka ung'ae tena.

Anayeogopa asidi ana njia nyingine ninayoipenda zaidi: unga laini wa grafiti uliochanganywa na spiriti. Ukikauka hutoa kijivu kizito, rangi ya reli hasa, na grafiti hupitisha umeme, hivyo ukigusa mzingo si msiba. Ila usivuke kihami kinacholitenga gurudumu na ekseli. Hapo ni shoti.

Mwenye modeli ya Garratt ya daraja la 59, vile vichwa vya treni ambavyo kampuni ya Beyer, Peacock ilivijenga Manchester kwa ajili ya reli za Afrika Mashariki, ana magurudumu 28. Aanze asubuhi, wala asiruke hata moja, maana hilo litakalobaki linang'aa ndilo wageni wote watakaloliona kwanza.