Si Daraja Lipo?

Tarehe 19 Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Daraja la J.P. Magufuli pale Kigongo–Busisi, Kanda ya Ziwa nzima ilishangilia. Nami nilipiga kigelegele changu kimoja, kifupi, cha heshima, kisha nikanuna. Kilomita 3 za zege juu ya Ziwa Victoria, shilingi zaidi ya bilioni 700, na hakuna mtu aliyekuja Katoro kuniuliza kama mimi nilikuwa na ugomvi wowote na kivuko kilichokuwa kinatuvusha.

Kwa wasionijua: nina duka la vyombo na nguo za watoto hapa Katoro, mkoani Geita. Nina mume, nina watoto wanne, na nina mama mkwe wa Kishapu ambaye huja kutusalimia siku mbili tatu, zinazoanza wakati wa kupanda na kuisha wakati wa kuvuna. Mzigo wa duka naufuata Mwanza. Enzi za kivuko, wakati wa kurudi ukifika Kigongo unakuta foleni ya magari haina mwisho, na kivuko ndiyo kwanza kimeondoka kwenda Busisi. Abiria wenzangu walilaani. Madereva walipiga honi, sijui kivuko walikipa masikio lini. Mimi nilivua viatu, nikaagiza sato wa kukaanga, nikamla. Nikamla mzima. Mama anayesoma hapa ameshaelewa: mzima, na kichwa chake, na mashavu, bila kitoto kusimama pembeni kikisema "mama, mi kidogo".

Simu ikiita, "Uko wapi?", nilijibu neno moja: kivuko. Hapo mjadala ulikufa. Si mume, si mkwe, si yule kijana wa marejesho ya mkopo wa kausha damu, hakuna aliyekuwa na la kuongeza. Kosa lilikuwa la ziwa. Nakiri kuna siku nimetamka neno hilo nikiwa nimeshavuka zamani, nimeketi stendi ya Geita nakunywa soda baridi, na bado lilifanya kazi.

Sasa unavuka kwa dakika chache, hata kufumba macho hujawahi. Ubaya ni kwamba nyumbani wanalijua hilo kuliko wahandisi waliojenga daraja. Baba watoto anapiga simu saa nane: "Mbona hujafika? Si daraja lipo?" Halafu anaongeza kwa sauti ile ya upole inayotangulia kazi: "Basi kwa kuwa utawahi, pita Geita mjini umwone fundi wa pikipiki." Mama mkwe naye amesikia kwamba nitawahi, anaomba dawa ya kuchua miguu. Kifungua mimba anataka daftari la hesabu la mistari ile midogo ambayo Katoro nzima haipatikani. Nikipiga hesabu, siku hizi nafika usiku zaidi kuliko wakati wa kivuko, na sato sijala.

Mambo ya gesi nayo yalikwenda vivyo hivyo. Serikali imeweka mkakati kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Nikasema mimi sisubiri 2034, nikanunua mtungi. Wakati wa mkaa, kifungua kinywa nyumbani kwangu kilikuwa chai na matobolwa ya viazi, na kila mtu alishukuru, maana waliniona ninavyopuliza jiko macho yamekuwa mekundu. Mtungi ulipoingia tu, baba watoto akautazama, akauzunguka, akasema, "Hii si inawaka papo hapo? Hata chapati basi zinawezekana." Zikawezekana. Ule muda wa kupuliza mkaa sasa nasukuma chapati. Mama mkwe yeye hali maharage ya gesi, anadai hayajaiva rohoni, kwa hiyo jiko la mkaa limerudi na kuwekwa pembeni ya mtungi. Nina majiko mawili na mikono ileile.

Akina mama wajasiriamali tuliwahi kuitwa semina ya matumizi bora ya muda. Ilipangwa kuanza saa mbili asubuhi. Ilianza saa tano, kwa sababu tulikuwa tunamsubiri mgeni rasmi. Mkufunzi alikuwa kijana msafi, viatu vinang'aa, na katika vumbi la Katoro kiatu kinachong'aa ni ushahidi kwamba mtu hajafanya kazi yoyote siku hiyo. Akatuambia siri ya mafanikio ni kuamka mapema: saa kumi na moja alfajiri. Ukumbi uliangua kicheko. Mwenzangu wa maandazi alimwambia, "Mwanangu, saa kumi na moja mimi naosha karai." Akahamia siri ya pili: gawa majukumu, usifanye kila kitu mwenyewe.

Nimgawie nani? Huku kwetu, ukitafuta dada wa kazi unashindana na dhahabu, na dhahabu haiamshwi usiku kubembeleza mtoto. Ikisikika tu kwamba kuna rashi, yaani dhahabu mpya imeonekana, iwe Nyarugusu, iwe Rwamgasa, iwe pori ambalo wiki iliyopita halikuwa na jina, watu wanahama na masufuria kichwani. Kinyozi anahama, bodaboda anahama, fundi anaacha mlango wako una bawaba moja. Dada wangu wa kazi wa mwisho aliniaga kwa adabu zote, akapiga magoti: "Mama, nimepata nafasi ya kuuza uji machimboni." Nasikia biashara imemkubali. Nasikia pia ameajiri dada wa kazi.

Tena hao wachimbaji ndio wateja wangu, na saa zao si saa zetu. Ukimdai mchimbaji usimuulize tarehe, hana. Atakuambia mzigo wa mawe bado uko duarani, yaani shimoni. Ukitoka duarani, unasubiri zamu ya kusagwa karashani. Ukitoka karashani, bado kuosha. Ukioshwa: "Mama, safari hii haikusoma, vuta subira kwenye marudio." Lakini siku akitoboa! Atakuja saa tano usiku na bajaji, agonge mlango wa nyumba, atake seti nzima ya sufuria, chupa nne za chai, na gauni la mtoto wa dada yake. Habishani bei. Utamfukuza mtu asiyeomba kupunguziwa? Nasimama na kanga, kitinda mimba yuko mgongoni analalamikia taa. "Mtoto ana urefu gani, kaka?" Anaonyesha gotini. Anafikiri. Anaonyesha kiunoni. Lilipofunguliwa Soko la Dhahabu Geita mwaka 2019, lenye mizani na bei inayojulikana, nilifurahi nikijua sasa watauza mchana na kununua mchana. Kuuza, kweli wanauza mchana.

Usiku huohuo ndipo kundi la wazazi la WhatsApp nalo huamka. Siku moja saa nne, watoto wamelala, sare zimenyooshwa, ujumbe ukaingia: kesho kila mwanafunzi afike na ndoo yenye mfuniko. Ndoo katika mtaa huu nauza mimi. Basi wazazi wote walihamia mlangoni kwangu, mmoja na tochi, mwingine na shilingi elfu kumi isiyo na chenji, mwingine na "niandikie, jirani". Niliuza mpaka ile iliyokuwa na maji ya kuogea. Asubuhi shule nzima ilikuwa na ndoo, kasoro wanangu.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Mama kuokoa muda inawezekana kabisa. Kinachoshindikana ni kuuficha ukishauokoa, kwa sababu nyumba nzima inaunusa kabla hujaufaidi. Baba zetu, tunawaheshimu sana: mkiona mama watoto amerudi mapema, msianze sentensi na "kwa kuwa umewahi". Mwacheni akae. Asipoonekana anafanya kitu, ndicho anachofanya.

Na wewe kaka wa seti ya sufuria za bluu, taarifa ninazo kwamba mzigo umeoshwa na umesoma vizuri. Njoo ulipe. Uje mchana.