Noah ya Julai

Mtu wa Makongolosi akifika Mbeya mjini mwezi Julai hana haja ya kusema ametoka wapi. Baridi inamsemea. Wenyeji utawakuta wamesimama pale Kabwe na jaketi moja, zipu iko wazi, wanapiga soga kana kwamba hewa ile ni ya kawaida. Sisi tulishuka kwenye gari watu saba, kila mmoja amevaa nusu ya sanduku lake la nguo. Mama yangu, ambaye kwa wanangu ni Bibi na siku hizi hata mimi namwita Bibi, alikuwa na masweta mawili, kitenge kichwani, khanga mbili mabegani, na blanketi juu ya vyote hivyo. Kilichobaki wazi ni macho.

Na mimi kwa wiki tatu nzima nilikuwa nimeifundisha familia amri moja tu: asitokee mtu akataja Makongolosi.

Amri hiyo ilikuwa na sababu. Machi 2025 bei ya dhahabu duniani ilivuka dola 3,000 kwa wakia kwa mara ya kwanza, na habari hiyo ilifika kwa wafanyabiashara wa Mbeya mapema kuliko ilivyotufikia sisi tunaolala juu ya dhahabu yenyewe. Tangu hapo bei mjini zimekuwa mbili: bei ya watu, na bei ya watu wa Chunya. Ukitaja Makongolosi, muuzaji anaona duara lako la kuchimbia, karasha lako la kusagia mawe, na mifuko ya mawe imepangwa hadi darini. Ukimwambia wewe ni mwalimu wa shule ya msingi anacheka, anakupigapiga begani, na bei haishuki. Dhahabu pekee nyumbani kwetu ni pete ya ndoa ya mke wangu, nayo sonara mmoja alishatudokeza, kwa upole, kwamba ni shaba.

Lakini gari tulilihitaji. Noah niliijua kwa ndani miaka mingi kabla sijawaza kuimiliki. Zile za abiria, siti ya watatu wanakaa wanne, na anayepandia njiani anapakatwa na mtu ambaye hawajajuana hata kwa jina. Mwanangu wa mwisho hadi anaanza darasa la kwanza aliamini kabisa kwamba siti ya Noah ni mapaja ya baba. Lami imefika hadi kwetu, tunashukuru. Kutoka Mbeya hadi Chunya kilomita 72, na kutoka Chunya hadi Makongolosi 39. Ila lami haipunguzi watu kwenye siti. Mwaka ule Bibi aliporudi kutoka hospitali amebeba kuku wa abiria mwingine mapajani, mke wangu alisema basi. Anauza chakula karibu na makarasha, kwa fedha taslimu mchimbaji akiwa nayo, kwa daftari asipokuwa nayo. Madeni ya kwenye daftari yakakusanywa, mimi nikachukua mkopo wa mtumishi, tukafikisha shilingi 17,500,000.

Gari jipya, tukasema. Hapa naomba nilieleze neno hilo kwa anayesoma akiwa mbali. Kwetu gari jipya ni lile ambalo bado halijaendeshwa na Mtanzania. Lililoendeshwa na Mjapani halihesabiki, kana kwamba kilomita za Japani ni za majaribio. Noah tuliyoipata kwenye picha ilitengenezwa mwaka 2006. Mimi nimeoa 2008. Kwa hiyo gari letu jipya ni kubwa kiumri kuliko ndoa yetu, na kwa jinsi lilivyong'arishwa, linaonekana limetunzwa vizuri zaidi.

Mpwa wangu, anayeishi ndani ya intaneti, ndiye aliyenisaidia kutafuta bei halali. Tukaingia kwenye tovuti za Wajapani tukaona gari kama lile linauzwaje kule, tukaongeza nauli ya meli, kisha tukaanza kupanda mlima wa kodi: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini isiyozidi sisi 2,000, halafu ushuru mwingine wa uchakavu kwa sababu gari limezeeka, halafu VAT asilimia 18 inayokaa juu ya migongo ya hao wote waliotangulia. Nilijikuta natoza kodi juu ya kodi kwa penseli na mkono unatetemeka. Ukiweka bandari, usajili, na dereva wa kulileta kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, jibu langu lilikuwa milioni 16 na laki mbili. Nikalipigia mstari mara mbili, kama tunavyowafundisha watoto. Faida ya muuzaji nikaiweka milioni moja. Nilijiona mtu mwenye haki.

Tulikwenda yadini na fundi. Fundi wa kukagulia gari halipwi kwa kutengeneza kitu. Analipwa kwa kuguna. Huyu wetu alikuwa na kipaji. Alifungua boneti, akaguna. Akapitisha sumaku kwenye bodi kutafuta panapofichwa puti chini ya rangi, sumaku ikanasa kila mahali, akaguna kwa masikitiko. Hatimaye akapata alichokuwa anakitafuta. Alinivuta pembeni akaninong'oneza kama daktari anayetoa majibu ya vipimo.

"Mwalimu, hii ni D4."

Kwa asiyejua, D4 ni injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na kwa mafundi wetu wengi jina hilo hutajwa kwa sauti ya chini. Petroli ikiwa chafu inaumwa, na ikiumwa, fundi wa kuitibu Makongolosi yuko Mbeya. Mimi nilifurahi. Nilikuwa nimepata fimbo.

"Kijana wangu," nikamwambia muuzaji, "hii D4."

"Mzee, D4 ni woga wa mafundi tu. Lakini kwa heshima yako, kutoka kumi na tisa na nusu, nipe kumi na tisa."

Nikatoa daftari. Nikamsomea hesabu yangu mstari kwa mstari, meli, forodha, bidhaa, uchakavu, VAT. Alinisikiliza kwa adabu kubwa, mikono nyuma, kama mwanafunzi mzuri. Nilipomaliza akasema, "Umesahau dola, mwalimu."

Nikamjibu dola nimeiweka. Mwaka 2024 dola ilipita shilingi 2,700, kweli, lakini mwisho wa mwaka ule ule ikaporomoka, gazetini niliona. Akatikisa kichwa kwa huruma. Mzigo huu, akasema, ulinunuliwa dola ikiwa juu. Na ule pale wa pembeni, ulionunuliwa dola ikiwa chini? Ule, akasema, pesa yake italipia mzigo unaofuata dola ikiwa juu. Nimefundisha hisabati miaka kumi na tisa na sijawahi kukutana na dola inayopanda pande zote mbili.

Kisha akaangalia nyuma yangu, pale familia ilipokuwa imesimama imebanana kama vifaranga, meno yanagongana, akatabasamu.

"Nyie wa Chunya, au wa Makongolosi kabisa?"

Hakuna aliyekuwa amefungua mdomo.

Nakiri kwamba hadi hapo vita bado nilikuwa naiweza. Tulikuwa tumefika kumi na nane na nusu, mimi nimepanda kutoka kumi na tano hadi kumi na sita na nusu, na fundi bado alikuwa na miguno ya akiba. Kosa lililofuata halikuwa la kwenye hesabu. Yule kijana aliona Bibi anavyotetemeka, akasema maneno ambayo hata leo siwezi kuyalaumu, kwa sababu yalikuwa ya mtoto aliyelelewa vizuri: "Shikamoo Bibi. Ingia ndani ya gari upate joto, baridi itakuumiza."

Injini ilikuwa bado ya moto tangu fundi aliposikiliza sailensa. Mlango ukasukumwa, Bibi akapandishwa, gari likawashwa, na dashibodi ikawaka taa zake zote. Sauti ya mwanamke, laini, yenye heshima, ikasema jambo refu kwa Kijapani.

"Marahaba, mwanangu," akajibu Bibi.

Kijana akawasha hita. Ndani ya dakika tano Bibi alishavua blanketi. Wanangu walipoona blanketi limevuliwa wakaingia wote wanne bila ruhusa. Mke wangu akaingia kuwaangalia watoto. Fundi akaingia kukagua siti, mlango ukafungwa, na miguno yake sikuisikia tena. Vioo vikaanza kupata ukungu. Nilibaki nje peke yangu na daftari langu, upepo unashuka kutoka mlima Loleza unapita kwenye shati kama halipo, na mbele yangu kijana mwenye jaketi.

Sasa, kila anayejua kununua anajua silaha ya mwisho ya mnunuzi: kuondoka. Unasema "basi, tuache," unageuka, unatembea polepole ili usije ukafika mbali kabla hujaitwa. Nilisema. Niligeuka. Nilitembea hadi getini. Silaha hiyo, nilikuja kutambua nikiwa pale getini nimeshika nguzo, inahitaji watu wa kuondoka nao. Niliangalia nyuma. Hakuna mlango uliofunguka. Mwanangu wa mwisho alikuwa anachora kwa kidole kwenye ukungu wa kioo, siti nzima yake mwenyewe, hajapakatwa na mtu. Muuzaji hakuniita. Aliegemea boneti ya moto na kuangalia simu.

Nikarudi.

"Bibi," nikagonga kioo, "tunakwenda yadi nyingine."

Kioo kikateremka sentimita mbili. "Nendeni," akasema Bibi. "Mtanikuta hapa." Baba yake alifika kwenye machimbo ya Lupa miaka ya 1930, enzi za Mwingereza, kutafuta utajiri. Hakuupata. Binti yake ameupata kwenye siti ya katikati na hawezi kuamrishwa na mwalimu wa shule ya msingi.

Aliyeokoa kilichobaki ni mke wangu. Alishuka, akafunga kitenge vizuri, akaniambia niingie ndani nipate joto. Ni mara ya kwanza katika ndoa yetu amenifukuza kwenye mazungumzo na nikashukuru. Kupitia kioo chenye ukungu niliona mikono tu: yake inakata, ya kijana inaomba. Hakutaja forodha wala dola. Baadaye alinisimulia kwamba alimuuliza gari lile limekaa pale yadini tangu lini, kwa sababu chini ya tairi la nyuma aliona majani yameota, yakakauka, yakaota tena. Kijana alikosa jibu la haraka. Bei ikasimama kwenye milioni kumi na nane, usajili ndani yake. Ile laki tano iliyopungua alifungua pindo la kitenge akaitoa. Ilikuwa ya kununulia maharage Uyole.

"Haya, na nyongeza?" akauliza.

"Nyongeza gani tena, mama?"

"Kwani kwenu nyanya hamwekewi ya juu?"

Tukapewa mazulia ya miguuni, mtungi wa kuzimia moto, na kile kidude cha redio, maana redio za magari ya zamani ya Wajapani masafa yake yanaishia 90 na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Kijana alishikana mikono na sisi sote hadi mtoto wa mwisho. "Na fulu AC," akasema, akipiga bodi kofi la kuaga. Tukaitika kwa furaha. AC hatukuijaribu. Nani anajaribu AC Mbeya mwezi Julai?

Mambo ya kadi na bima yalichukua siku nyingine, nayaruka. Siku ya safari tuliondoka asubuhi, hita imewashwa, tukapanda hadi Kawetere kwenye ukungu tukiimba. D4 ilipanda mlima bila kukohoa. Tukaanza kuteremka, bonde likafunguka, na Lwanjilo Bibi akavua sweta la kwanza. Kabla ya Chunya akavua la pili. Chunya jua lilikuwa utosini, nikazima hita, nikabonyeza AC kwa madaha ya mwenye mali.

Ukatoka upepo wa moto.

Nikabonyeza tena. Ukatoka wa moto zaidi. Nikageuza kila kilichogeuka, upande wa bluu, upande mwekundu, moto ule ule. Nikampigia fundi, nikamweleza. Akaguna, bure safari hii, akasema gesi ya AC haimo, na kile kidude kinachogawa baridi na joto kimeng'ang'ania kwenye joto, pengine tangu Japani. Kumbe ile hita haikuwa sifa ya gari. Ulikuwa ugonjwa wake, na sisi ndio tuliofurahia homa.

Tukashusha vioo vyote. Vumbi likaingia, mazulia mapya yakabadilika rangi. Masweta yalijaa siti ya nyuma kama abiria wa nane. Kilomita kumi kabla ya Makongolosi nikasimama kuzima gari lipoe, nikaliwasha tena, na yule mama wa Kijapani akatusalimia upya, kwa utulivu ule ule.

Bibi aliinama mbele, jasho linamtiririka hadi kidevuni.

"Muulizeni huyo," akasema. "Kwao wanazimaje?"