Makosa Matano ya Bawa la Kushoto

Kindege cha Pennyplane, mchezo wa Marekani, kina masharti mafupi: kisipungue gramu 3.1, uzito wa senti yao ya zamani ya shaba, na mabawa yasizidi sentimita 46 hivi kutoka ncha hadi ncha. Kinaendeshwa na mpira uliosokotwa, kinazunguka ukumbini, na hakina rubani wa kulaumiwa. Basi tumlaumu fundi. Tunahesabu kurudi nyuma, kosa dogo kwanza.

5. Kusingizia kiyoyozi. Kweli, upepo wake hukisukuma. Kizime. Kindege kikianguka tena, tafuta mwingine wa kusingizia.

4. Kunyoosha mabawa kama kanzu ya Idi. Mezani yanapendeza. Tatizo ni kwamba propela ikizunguka kwenda kulia, ukiitazama kutoka nyuma, mwili wa kindege nao husukumwa kubiringika kushoto. Bawa la kushoto linazama, na pasi yako yote inaishia sakafuni.

3. Kusokota kinyume. Dawa ya kuzama huko ni kulisokota bawa la kushoto kidogo. Ukingo wa nyuma wa bawa la kushoto ndio unaoshuka chini kidogo kuliko ule wa mbele, ili bawa hilo linyanyue zaidi. Ukiupandisha, umeungana na propela dhidi yako mwenyewe.

2. Pupa. Hapa ndipo wajuzi wanapoumbuka. Milimita mbili tatu za msokoto kwa kawaida zinatosha kuanzia, lakini mtu akiona dawa imefanya kazi, anakunywa chupa nzima! Bawa lililosokotwa huburuta hewa zaidi, hivyo hukivuta kindege kushoto. Kwa kiasi, ni neema: tunataka kizunguke kushoto, mbali na kuta. Ila nguvu ya mpira hupungua kadiri unavyofunguka, na msokoto haupungui. Ukizidisha, bawa hilo hunyanyuka kupita kiasi na duara likaharibika. Au mwendo ukififia, ndilo la kwanza kushindwa kubeba. (Balsa, ule mti mwepesi wa mabawa, nayo hupinda kwa unyevu bila kukuomba ruhusa.)

1. Kugusa kila kitu kwa mkupuo. Mkia umepindwa, bawa limesokotwa, mpira umebadilishwa, kindege kimepaa vizuri, na hakuna ajuaye kwa nini. Hongera kwa bahati. Badilisha kimoja, rusha kwa mizunguko michache ya mpira, andika, ndipo uongeze. Na kabla hujaushika mkia, simama nyuma ya kindege, kilete usawa wa macho, ukague bawa la kushoto.