Mafuta Gani?

Mimi ni mkulima wa simu. Nalala Kitengela na shamba liko Kimana, na kati yetu kuna Athi River, malori ya Barabara ya Mombasa na kona ya Emali. Nimekodi ekari tatu za nyanya, kipande kilichomegwa kutoka ranchi ya jamii ya zamani, na kila jioni kijana wangu wa shamba hunipigia kunieleza nyanya zinaendeleaje. Kwa simu huwa zinaendelea vizuri. Zikifika Marikiti ndipo huharibika.

Trekta langu nalo ni dogo, mtumba kutoka Japani. Vibandiko vyake vyote ni vya Kijapani, na kwa miaka miwili nimeamini kwamba kile chekundu kilicho karibu na kiti kinasema "Karibu".

Mwezi wa tatu, mvua zikianza kunukia, plau ikagoma. Ukivuta liva, inainuka hadi usawa wa goti, inatetemeka kidogo kama mzee anayetafuta mkongojo, kisha inajirudia chini. Na mahali fulani chini ya kiti kitu kinalia kwa sauti nyembamba, kama mbwa aliyefungiwa nje usiku wa baridi. Nikampigia fundi.

"Hiyo ni haidroliki, mkubwa," akasema kabla sijamaliza kuiga ile sauti. "Mwaga mafuta, osha filta, weka mengine. Kazi ya saa moja."

Kazi ya saa moja! Nani atamlipa fundi nauli ya kwenda na kurudi kwa kazi ya saa moja? Jumamosi alfajiri nikachukua spana, nikachukua karai la buluu la mama watoto, lile la kufulia, bila kumpa habari, nikashika barabara.

Dukani Kimana nikaagiza mafuta ya trekta.

"Mafuta gani?"

"Ya haidroliki."

"Ya lifti peke yake, ama yale yanayoingia mpaka giaboksi?"

Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu waliokuja kununua dawa ya nyanya, na wote walinitazama kama watoto wanaosubiri mwenzao ajibu hesabu ubaoni. Ikabidi nimpigie fundi tena. Kumbe trekta dogo ni kama chumba kimoja cha kupanga, palepale jikoni, palepale sebuleni. Mafuta yale yale yanalainisha gia, yanapoza breki na yanainua plau. Ndiyo maana yakiharibika, yanaharibika kwa kila mtu. Nikanunua mtungi wa lita 20 nikatoka kifua mbele. Trekta langu linachukua lita 24. Hilo limeandikwa wazi, kwa Kijapani.

Sasa kumwaga. Nililala chini ya trekta, nikafungua boliti, mafuta yakashuka polepole hadi robo ya karai yakakoma. Nikaona fundi alikuwa anakuza mambo. Kijana akachungulia upande wa pili akauliza, "Na hii nyingine?" Ilikuwepo nyingine. Nikaifungua na hii ikatoa kwa hasira, karai likafika nusu. Nikawa natambaa kinyumenyume nitoke, kichwa kikagonga ya tatu.

Hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa na mali. Yalitoka mazito, ya vuguvugu, na rangi yake ilininyamazisha. Mafuta ya haidroliki yakiwa mazima yanakaribia rangi ya asali. Haya yalikuwa ya chai ya maziwa, chai hasa, ile ya hoteli inayochemshwa na majani humo humo. Ukiona rangi hiyo, maji yameingia. Nikamtazama kijana.

"Wewe huliosha vipi hili trekta?"

"Vizuri sana, mkubwa. Na pampu."

Pampu yenyewe ni ile inayovuta maji ya mfereji kumwagilia nyanya. Kila Ijumaa, kwa heshima yangu, alikuwa akilielekezea mpira wa maji kwa nguvu zote, na kifuniko cha kijiti cha kupimia mafuta kilikuwa kimepasuka tangu siku sijui gani.

Jirani yangu, mzee wa boma la pili, alikuwa ameshafika. Hajawahi kukosa tukio.

"Sopa," akasema.

"Ipa, Mzee."

Akainama juu ya karai akiegemea fimbo, akachunguza kwa muda. "Chai yote hii mnampikia nani?"

Tukaingia kwenye filta, na hapo Kiswahili kikaniponza. Katika lugha hii tamu, filta moja ni filta na filta mbili ni filta. Fundi alisema "osha filta". Trekta linazo mbili. Ya kwanza ni chujio la waya laini, nalo ndilo la kuoshwa. Nililichomoa mwenyewe na lilikuwa limevaa koti la matope ya kijivu, kwa hiyo pampu ilikuwa ikinyonya kama mtu anayekunywa uji kwa mrija uliozibwa; ile sauti ya mbwa ilikuwa yake. Chini yake kulikuwa na sumaku iliyoota ndevu, nyembamba, nyeusi, zinazong'aa juani, vumbi la chuma lililosagika kutoka kwenye gia zangu. Nilizipangusa kwa kidole nikahisi kama nasoma majibu ya daktari. Chujio nikaliosha kwa dizeli, nikalisugua kwa mswaki wa zamani hadi nikaona mlima kupitia matundu yake.

Ya pili ni kopo, ndani yake karatasi. Hiyo haioshwi, inatupwa, na mpya nilikuwa nayo garini, niliyoinunua Kirinyaga Road, ambako wazee bado wanaita Grogan. Lakini kijana alishasikia amri. Niliporudi kutoka garini niliikuta ile kuukuu imelowekwa kwa sabuni ya unga, ikasuuzwa, ikaanikwa kwenye kamba kati ya shati lake na taulo, ikidondosha povu. Ilikuwa safi. Nakiri kwamba kwa dakika kama mbili niliitazama nikihesabu bei ya ile mpya na kujiuliza kama duka lile linakubali kurudishiwa.

Nikafunga mpya, nikakaza boliti zote tatu, nikamimina lita 20, nikapima. Kijiti kilionyesha mafuta kwa mbali, kwenye ncha. Nikawasha, nikainua plau, nikashusha, nikainua ili hewa itoke, kama nilivyoelekezwa. Nikapima tena, kijiti kikavu. Mafuta yalikuwa yameingia kwenye filta mpya na mabomba, kila mmoja akachukua haki yake.

Nikamwita mtu wa bodaboda, nikampa pesa. "Niletee mafuta lita tano, haraka."

Alikuwa haraka kweli. Alirudi na mtungi wa manjano, lita tano, mafuta ya kupikia.

"Haya mafuta gani, ndugu yangu?"

"Umesema mafuta. Ungetaka oili ungesema oili."

Nilitafuta kosa katika jibu lile sikulipata. Nilishukuru tu kwamba hakuniletea ya kupaka. Nikarudi dukani mwenyewe, nikanunua yanayotakiwa, na jua lilikuwa linazama upande wa Amboseli wakati plau ilipoinuka mpaka juu na kubaki huko, kimya, bila kutetemeka. Nilitazama saa. Fundi hakunidanganya, ilikuwa saa moja.

Ikabaki ile chai. Kuimwaga haiwezekani, kwa sababu mfereji uko hatua kumi na maji yake ya chemchemi hushuka hadi kinamasini, ambako ng'ombe na ndovu wanayangojea. Mzee akatoa suluhisho. Mchwa wanakula nguzo za boma, na mafuta machafu, akasema, mchwa hawayapendi. Akaita wajukuu wawili, wakabeba taratibu, na yeye nyuma na fimbo kama anayesindikiza bibi harusi.

Nilifika Kitengela karibu saa nne usiku, shati likinuka giaboksi. Mama watoto akafungua buti kutafuta nyanya, akakuta mtungi wa manjano. Akaunyanyua akausogeza kwenye taa ya mlango.

"Baba watoto! Leo umekumbuka mafuta bila kuambiwa?"

"Si ulisema yameisha."

"Sikusema, nilikuwa nafikiria tu." Alifurahi, nami nikaacha afurahi. Akaingia nao jikoni, nikasikia kabati likifunguliwa, kisha akatoka hadi uani kwenye nguo alizokuwa ameloweka ndani ya ndoo, akasimama.

"Na lile karai langu la buluu?"