Jinsi ya Kumnyima Mtu Kisogo: Mwongozo kwa Mchongaji Mwenye Haraka

Kabla hujashika tezo, hakikisha hujamtazama mtu yeyote kwa makini. Kutazama kunachelewesha kazi. Macho, pua na mdomo umeviona tangu utotoni, sasa ukague nini? Nenda Mwenge, jijini Dar es Salaam, utafute gogo zuri la mpingo, mti uliochukua miongo kadhaa kunenepa kiasi hicho, kisha uliharibu kwa asubuhi moja. Wapo watakaokushauri ujifunzie kwenye mwembe au mwarobaini, miti isiyouma mfukoni. Hao hawakutakii mema.

Anza na macho, na uyaweke juu. Ukipima kutoka utosini hadi kidevuni utakuta mstari wa macho unapita katikati kabisa, lakini usipime, utashawishika. Yachonge pale paji la uso linapotakiwa kuwa. Paji lenyewe lina kazi gani? Halili, halisemi, halitabasamu. Isitoshe, mtaani tunamcheka mwenye komwe, kwa hiyo wewe utakuwa umemsitiri mtu. Utabaki na taya ndefu ajabu chini ya fuvu lisilo na nafasi ya wazo hata moja, na mteja mstaarabu atakuuliza huyu ni mnyama gani.

Kuhusu upana, wazoefu husema uso ukitazamwa mbele hubeba macho matano: mawili yenyewe, nafasi ya jicho moja katikati, na nafasi ya jicho moja kila upande. Wewe yabane. Matatu yanatosha.

Sasa tufike kwenye pua, maana hapo ndipo gogo hufia. Pua iko mbele kuliko viungo vyote vya uso, kwa hiyo fundi mwenye subira huacha nundu ya mti pale, akashusha kwanza matundu ya macho na mashavu, kisha akainyemelea pua mwishoni. Wewe imalize mapema, na uipige msasa kabisa ing'ae. Baada ya muda utagundua imekuwa fupi. Usihofu: rudisha mdomo nyuma. Mdomo ukirudi, kidevu kitachomoza, kipunguze. Kidevu kikipungua, nyusi zitaning'inia, zifuate nazo. Kila marekebisho yatadai mengine, na yote yataelekea upande mmoja tu, ndani, kwa sababu patasi haijui kurudisha. Nimeona mzee aliyeanza na uso wa upana wa shubiri nzima akiishia kuwa mpini wa kisu cha kufungulia bahasha. Alipendeza, lakini hakuwa tena yule mzee.

Hakikisha pia uso wote ni bapa kama sahani, macho na masikio yakiwa usawa mmoja. Usijali kwamba uso wa mtu huanza kupinda kuelekea nyuma mara tu unapoacha pua. Masikio yasogeze mashavuni. Kwa kweli sikio hukaa nyuma ya katikati ya kichwa kikitazamwa ubavuni, na urefu wake hutoka usawa wa nyusi hadi chini ya pua, ila ukiyaweka huko utalazimika kuchonga kilicho nyuma yake. Yaani kisogo. Kutoka ncha ya pua hadi kisogoni kunakaribia urefu wa kutoka utosini hadi kidevuni, na huo ni mti mwingi kwa sehemu ambayo mteja haitazami. Kata. Wamakonde waliochonga lipiko hawakuwa na anasa hiyo: kinyago chao huvaliwa kichwani na mchezaji, na kisichokuwa na nyuma hakivaliki. Chako kitakaa rafuni.

Kama una ari, chonga mama na mtoto. Mtu mzima ana urefu wa vichwa saba na nusu hivi. Mtoto wa mwaka mmoja, vinne tu. Tumia kipimo cha mama kwa wote wawili, na utakuwa umembebesha mgongoni mzee mfupi.

Watu watanung'unika, kwa hiyo andaa utetezi. Wa kwanza ni Ife, Nigeria, ambako mafundi wa kale walikipa kichwa karibu robo ya urefu wa mwili, tena kwa makusudi. Litaje jina hilo polepole, ukitazama mbali. Wa pili ni mzuri zaidi: sema umechonga shetani. Mtindo huo unahusishwa na Samaki Likankoa, Mmakonde aliyeuanzisha katika miaka ya 1950, na ndani yake jicho linaweza kuwa moja, mdomo ukahamia ubavuni, sikio likageuka mkono, na watalii wakalipa. Kasoro yake ni moja tu. Wazee wanaochonga kivulini wanalitambua jicho lililotumwa pembeni, na wanalitambua pia lile lililopotea njia. Wao usiwaonyeshe.

Mgeni akikuuliza jina la shetani wako, usisite. Taja lolote linalokujia, kisha shusha bei kabla hajaigeuza sanamu kuangalia nyuma.